Oda za michoro kwenye tamasha la mashabiki wa katuni: uchore papo hapo, uje nazo tayari, au urudi nazo nyumbani?

Jumamosi, saa tano asubuhi. Milango ya ukumbi ilifunguliwa saa nne, na mbele ya meza yako tayari wamesimama watu watatu. Wa kwanza ameshika simu, anakuonyesha shujaa mwenye vazi la chuma na mikanda isiyohesabika. Anataka mwili mzima, kwa rangi, na aondoke nao jioni. Wa pili amekufungulia daftari lake la michoro kwenye ukurasa mweupe. Anasema kichwa tu kinamtosha, ila kurasa zilizotangulia zimejaa kazi za wachoraji unaowaheshimu. Wa tatu hana haraka: "Nitumie hata mwezi ujao." Wote wana hela mkononi. Ukiwaitikia wote watatu, umeingia mikataba mitatu ya namna tatu, na kila mmoja utakudai kwa njia yake.

Nimekaa nyuma ya meza kama hizo kwa miaka kadhaa. Kosa ninaloliona likirudiwa, hata kwa wachoraji wenye mkono mwepesi na jicho kali, si la uchoraji. Ni kupokea oda kwa njia isiyoendana na mwendo wa mkono wao.

Njia kuu ni tatu. Kuna kuchora papo hapo, mteja akisubiri au akizunguka ukumbini na kurudi. Kuna kupokea oda wiki kadhaa kabla, ukafika kwenye tamasha na michoro iliyokamilika. Na kuna kuandikisha oda pale mezani, ukaenda kuzichora nyumbani na kuzituma. Zote tatu zinalisha watu. Swali ni ipi itakulisha wewe bila kukumaliza.

Vigezo

Nitazipima zote kwa mambo matano yaleyale. La kwanza ni muda: kazi inakula saa ngapi, na saa hizo anazishika nani, wewe, mteja au ukumbi. La pili ni ubora, maana yake mchoro ambao njia hiyo inaweza kuutoa kweli, si ule unaoutamani. La tatu ni fedha, inaingia lini na inavujia wapi. La nne ni hatari: kitu kikiharibika, hasara ni ya nani. La tano ni mwili, yaani kiganja, mgongo na macho. Hili la mwisho husahaulika, na ndilo linaloamua kama siku ya mwisho ya tamasha utakuwa na mkono wa kuchorea.

Lakini kabla ya kulinganisha chochote, pima mwendo wako. Keti nyumbani na wahusika kumi usiowazoea, weka saa, chora kichwa na mabega kwa penseli kisha wino. Tafuta wastani, halafu ongeza nusu yake, kwa sababu mezani utaongea, utarudisha chenji, utaulizwa choo kiko wapi ukiwa katikati ya jicho. Dakika 20 za nyumbani ni dakika 30 za ukumbini. Ukumbi unaofunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni una saa nane, ila ukitoa za kula, kujinyoosha, kuuza vitabu na kuzungumza na wapita njia, zinabaki kama tano za kuchora kweli. Hivyo ni vichwa kumi kwa siku. Mwili mzima wenye wino na rangi, ukikuchukua saa moja na nusu, ni mitatu.

Mitatu tu. Namba yako iandike kwenye kikaratasi na uibandike upande wa meza unaoutazama wewe. Maamuzi mengine yote yatatoka hapo.

Kuchora papo hapo

Muda. Hapa saa inashikwa na ukumbi. Taa zikizimwa, kazi imekwisha, uwe umemaliza au hujamaliza. Kinachosaidia ni karatasi ya foleni yenye mistari sawasawa na namba yako: jina, mhusika, ukubwa, saa ya kurudi. Mstari wa mwisho ukijaa, foleni imefungwa, hata akija mtu wa kukubembeleza. Mteja mpe saa iliyozidi makadirio yako kwa nusu saa. Akirudi akakuta mchoro uko tayari, atafurahi. Akirudi akakuta ndiyo kwanza unachora kidevu, atasimama mbele yako na kuziba meza nzima.

Ubora. Mchoro wa papo hapo una uhai ambao meza ya nyumbani mara nyingi haiutoi, kwa sababu mstari wa kwanza ndio unaobaki. Lakini mwanga wa kumbi ni mbaya na meza inatikisika. Chagua ukubwa unaoendana na hali hiyo. Kadi za michoro za inchi 2.5 kwa 3.5, kama sentimeta 6.4 kwa 8.9, sawa na zile kadi za wachezaji zinazokusanywa, ni mahali pazuri pa kuanzia. A5 inatosha kwa kichwa na mabega. Zaidi ya A4 sikushauri. Na punguza mistari: weusi mmoja mzito chini ya kidevu unafanya kazi ambayo vijistari hamsini haviwezi. Beba taa ndogo ya kubana kwenye meza, yenye betri yake.

Daftari la mteja linataka uangalifu wa peke yake. Wapo wakusanyaji wanaozunguka tamasha kwa tamasha na daftari moja, kila mchoraji akimchora mhusika yuleyule au mada ileile. Akikukabidhi, amekukabidhi miaka. Makapeni za spiriti hupenya karatasi, na nyuma ya ukurasa wako huenda kuna kazi ya mwingine. Weka karatasi nzito chini ya ukurasa kabla hujafungua kifuniko cha kalamu. Omba ruhusa ya kujaribu wino kwenye kona ya ukurasa wa mwisho. Ukimaliza, usilifunge. Mimi niliwahi kulifunga daftari mapema, na masharubu ya mhusika niliyemchora yakajipiga chapa kwenye ukurasa wa pili, juu ya mchoro wa penseli wa mtu mwingine. Nilirudisha hela yote. Mwenye daftari hakupandisha sauti, alilitazama tu, na tangu siku hiyo nina vipande vya karatasi safi ya kunyonya wino ndani ya mkoba wangu, na kila daftari linaloondoka mezani kwangu linaondoka na kimoja katikati.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa vitabu vyenye jalada jeupe. Baadhi ya wachapishaji hutoa toleo ambalo jalada limeachwa tupu makusudi ili mchoraji achore juu yake. Majalada hayo hayafanani: mengine hunywa wino vizuri, mengine yana utelezi na wino hukaa juu hadi kidole kiupitie. Jaribu kwanza pembeni, upande wa nyuma. Hapa hakuna karatasi ya pili ya kurudia, kwa hiyo hata bei isilingane na ya karatasi ya kawaida.

Fedha. Inaingia palepale, na iingie kabla ya kalamu kugusa karatasi. Tamasha kubwa humeza watu. Comic-Con ya San Diego, Marekani, iliyoanza mwaka 1970, siku hizi hukusanya watu zaidi ya 130,000, na katika umati kama huo mtu anaweza kukusudia kurudi na asirudi, bila hila yoyote. Fedha inavujia kwenye shingo yako. Ukiinama kuchora, huwatazami wapitao, na mtu asiyetazamwa hasimami. Kama unauza vitabu na picha za kuchapwa pia, tafuta mwenzako akae mbele, au kubali kwamba mauzo hayo yatashuka.

Hatari. Ya muda mrefu karibu haipo: jioni huna deni la mtu, na hilo lina thamani kubwa kuliko linavyosikika. Hatari iko kwenye dakika ileile. Mteja anataja mhusika usiyemjua, intaneti ya ukumbini imelemewa, picha ya kuangalizia haifunguki. Dawa yake ni ndogo: mwambie akuonyeshe picha kwenye simu yake, uipige picha kwa simu yako, mbele na nyuma kama ipo, ili aondoke na simu yake nawe ubaki na cha kuangalizia. Na uwe na ujasiri wa kusema, "Huyu simwezi kwa dakika thelathini."

Mwili. Hapa ndipo unapolipa. Meza za kumbini zimetengenezwa za kupangia bidhaa, bapa na pana, na ukichora juu yake unainama siku nzima. Nenda na ubao mwepesi, uulaze mapajani na kuuegemeza kwenye ukingo wa meza, ili karatasi ije kwako badala ya wewe kuifuata. Simama kila baada ya michoro miwili. Maumivu ya kidole gumba na kiganja yakianza siku ya kwanza, siku ya tatu hayatakuwa yamepona.

Njia hii inamfaa mwenye mkono wa haraka asiyeona haya kutazamwa, na anayeanza ambaye bado hana watu wa kumwagiza kutoka mbali. Inamfaa pia anayependa kulala bila deni. Haimfai anayehitaji rasimu tatu kabla ya mstari wa kweli. Hilo si kasoro, ni namna ya kufanya kazi, na lina nafasi yake hapa chini.

Oda za kabla ya tamasha

Muda. Saa unaishika mwenyewe. Wengi hufungua orodha wiki nne hadi sita kabla na kuifunga wiki mbili kabla. Idadi ipangwe kwa jioni ulizonazo kweli, na uache siku tatu za mwisho bila mchoro wowote. Siku hizo zitaliwa na kufungasha, kuchapisha, na ile kalamu itakayokauka.

Ubora. Hapa unaweza kutoa kazi yako bora. Una mwanga wako, kiti chako, na unaweza kuchora kwenye karatasi nzito ya inchi 11 kwa 17, ukubwa uliozoeleka kwa kurasa halisi za katuni za Marekani. Unaweza kumtumia mteja picha ya penseli akaidhinisha kabla ya wino: nywele zimegawanywa upande gani, kovu liko jicho lipi. Na jambo ambalo nalisisitiza kwa kila anayeniuliza: iskani kazi kabla haijaondoka, kwa nukta 600 kwa inchi kama ni mistari ya wino. Papo hapo mchoro unaondoka na mteja, nawe unabaki na picha ya simu yenye kivuli cha kichwa chako. Hapa unabaki na nakala ya kweli.

Fedha. Inaingia kabla hujasafiri, na ndiyo inayolipia meza na chumba. Wengine huchukua nusu, wengine yote. Mimi huchukua yote, kwa sababu mchoro wa mhusika aliyebuniwa na mteja mwenyewe hauna mnunuzi mwingine duniani. Tatizo ni kwamba orodha inahitaji watu wanaokujua tayari. Mgeni akifungua nafasi kumi, anaweza kupata mbili, na hapaswi kuvunjika moyo kwa hilo.

Hatari. Mteja asipokuja kuchukua. Andika kanuni mapema na umtumie kila mmoja: uchukuaji ni hadi saa fulani ya siku ya pili, na baada ya hapo mchoro utatumwa kwa gharama ya mteja. Tamasha lenyewe pia linaweza kuvunjika. Mwaka 2020 matamasha yalifutwa kila upande, San Diego wakahamishia lao mtandaoni, na wachoraji waliokuwa na orodha zilizolipiwa walibaki na michoro bila ukumbi wa kuikabidhi. Kwa hiyo kwenye fomu ya oda omba anwani hata kama mteja ameapa atakuja. Michoro ibebe mkononi, ndani ya folda ngumu, kamwe si kwenye begi linaloingia chini ya ndege.

Mwili. Kazi imetawanyika kwenye wiki nyingi, na ukumbini mikono iko huru. Unawatazama watu usoni, unasalimia, unauza. Kwa mwenye maumivu ya kiganja, hii peke yake inaweza kuwa sababu tosha.

Inamfaa mchoraji wa polepole na makini, mwenye wafuasi wanaosoma matangazo yake, na yeyote ambaye gharama za safari zinamtisha. Haimfai anayesukumwa na msisimko wa watu walio mbele yake.

Oda za kuchora nyumbani

Muda. Hakuna aliyeshika saa, na hapo ndipo pa kuogopa. Hesabu hii ifanye kabla ya kusema "ndiyo" ya kumi: oda 18, kila moja saa tatu, ni saa 54. Ukiwa na saa mbili za kuchora kila jioni baada ya kazi nyingine, ni jioni 27 bila kuugua, bila mgeni, bila kugusa katuni yako mwenyewe. Mezani, mwisho wa siku tamu ya mauzo, hakuna anayezihesabu jioni hizo. Zinajihesabu zenyewe baadaye. Tamasha linalofuata linafika na orodha ya lililopita haijaisha, na mteja wa zamani amesimama mbele ya meza akiuliza kwa upole, jambo linalouma kuliko angefoka.

Ubora. Sawa na oda za kabla, na pengine zaidi kidogo, kwa sababu umekutana na mwenye oda. Umemsikia akimweleza mhusika anayemcheza kwenye michezo yake, umeona macho yanapowaka. Kama amevaa mavazi ya mhusika, mpige picha kutoka pembe tatu, kwa ruhusa yake. Ila kumbukumbu hufifia haraka sana. Palepale mezani jaza kadi kwa kila oda: mkao, hisia ya uso, silaha, rangi ya macho, "kovu upande wa kushoto wa mhusika, si wa mtazamaji." Kijirasimu cha dakika mbili nyuma ya kadi, mteja akiwa anakiona, kitakuokoa wiki tatu baadaye.

Fedha. Mauzo hayafungwi na saa tano za ukumbi, na huo ndio utamu wake: unaweza kupokea kazi kubwa ambazo zisingewezekana mezani. Inavujia kwenye bahasha, kadibodi na posta, hasa mteja akiwa nchi nyingine, na inavujia vibaya zaidi kwenye mfuko wako mwenyewe. Hela ya mchoro ambao hujachora si yako bado. Ukiilipia hoteli, utachora miezi miwili kwa mkono wa mtu anayefanya kazi bure. Chukua nusu kama malipo ya awali, nusu nyingine ukishatuma picha ya kazi iliyokamilika, na ile ya kwanza iweke kando hadi uanze kuchora.

Hatari. Kubwa kuliko zote tatu, kwa kuwa kinachowekwa rehani ni jina lako. Ahadi ni deni, na mashabiki wanajuana. Weka idadi ya mwisho na tarehe ya mwisho, viandike kwenye risiti, na mtumie kila mteja ujumbe mmoja kila wiki mbili hata kama huna jipya la kusema. Posta nayo hupoteza. Tuma kwa namba ya kufuatilia, mchoro ukiwa ndani ya plastiki, umebanwa bapa kati ya kadibodi mbili ngumu. Usiukunje kwenye mrija, karatasi nzito hubaki na mpindo.

Mwili. Mkono unapumzika. Akili haipumziki mpaka orodha iishe.

Inamfaa mwenye nidhamu ya kalenda, aliyewahi kumaliza orodha ndefu kwa wakati bila kusukumwa, na anayeuza kazi kubwa za gharama kwa watu wachache. Kama hujawahi, anza na oda tatu.

Mambo mawili yanayozigusa njia zote

Desturi ya tamasha unaloenda ni ya kwanza. Mchoro wa kulipia mezani umezoeleka sana Marekani na kwenye matamasha yaliyofuata mtindo wake. Kwenye lile la Angoulême, Ufaransa, lililoanza mwaka 1974, desturi kubwa imekuwa mwandishi kuchora bure ndani ya kitabu ambacho msomaji amekinunua, na watu hupanga foleni ndefu kwa ajili hiyo. Comiket ya Tokyo, iliyoanza mwaka 1975, watu huiendea hasa kununua vijitabu ambavyo watengenezaji wamevichapisha wenyewe. Ukipeleka bango la bei mahali ambapo watu wamezoea kuchorewa bure, au ukachora bure mahali ambapo majirani zako wanaishi kwa oda, utaleta ugumu. Uliza waliowahi kukaa hapo.

Ya pili ni haki. Wahusika wengi utakaoombwa si wako. Wachapishaji wengi wa katuni wamekuwa wakivumilia mchoro mmoja mmoja wa mkono, lakini kuvumiliwa si kuruhusiwa, na kuchapisha nakala mia za kuuza ni jambo jingine kabisa. Soma kanuni za tamasha kabla ya kulipia meza. Hata mhusika wa zamani ana mipaka: Mickey Mouse wa 1928 aliingia kwenye miliki ya umma, yaani yeyote anaweza kumtumia, nchini Marekani tarehe 1 Januari 2024, ila sura zake nyingi za miaka ya baadaye bado zinalindwa. Kwa upande wa mteja, anayenunua mchoro ananunua karatasi ile. Haki ya kuuchapisha kwenye fulana haiendi na karatasi, isipokuwa mmeandikiana hivyo. Mwambie mapema, kwa adabu.

Kwa hali yako

Kama hili ni tamasha lako la kwanza, chora papo hapo, vichwa na mabega tu, kwa ukubwa mmoja, na nusu ya namba uliyoibandika. Utajifunza zaidi ndani ya siku mbili kuliko kwa ushauri wa mtu yeyote, huu ukiwemo.

Kama una wafuasi mtandaoni lakini mkono wako ni wa polepole, fungua orodha ya kabla na usichore chochote ukumbini zaidi ya sahihi yenye kijisura kidogo kwa wanunuzi wa kitabu chako. Watakuja kukuona, na utakuwa na muda nao.

Kama kinachokuleta ni kitabu kipya, usijifungie kwenye oda za siku nzima. Njoo na michoro michache iliyolipiwa mapema ili gharama zipungue, kisha tumia kichwa kilichoinuliwa kuuza kitabu.

Kama umesafiri mbali na lazima fedha irudi, changanya. Oda za kabla zilipie meza na chumba, kadi ndogo za papo hapo zilipie chakula, na nafasi za nyumbani ziwe mbili tu, kwa yule anayetaka kazi kubwa na anaelewa bei yake. Usichanganye zote tatu kwenye foleni moja. Kila njia iwe na karatasi yake, la sivyo yule wa "mwezi ujao" atapata mchoro leo na aliyelipa asubuhi atasubiri.

Kama kiganja kinauma tayari, papo hapo isiwe chaguo lako msimu huu, hata kama ndiyo unayoipenda. Oda chache za kabla, zilizotawanywa kwenye wiki nyingi, zitakupa kipato huku ukipona.

Na kama bado una oda za tamasha lililopita ambazo hujazikabidhi, usifungue orodha yoyote mpya ya nyumbani, hata ya mtu mmoja. Kaa mezani, chora vile vikadi vidogo vinavyoondoka jioni hiyohiyo. Beba karatasi moja kati ya zile za zamani. Usiku chumbani imalize, ipige picha chini ya taa, na umtumie mwenyewe kabla hujalala.